Tupeane uzoefu: tangazo la kuujenga upya mtaa wenu lilikufikiaje, na kikaoni kulikuwaje?

Dirisha la Pili (mwanzisha mada):
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye nguzo ya umeme namsubiri mwanangu, na kwa kukosa la kufanya nikaanza kusoma makaratasi yaliyobandikwa pale. Chini ya tangazo la dalali wa vyumba palikuwa na karatasi yenye nembo, herufi ndogo kama za maelezo ya dawa. Nikafunua pembe. "Eneo la uendelezaji upya, Kitalu C, viwanja namba 112 hadi 164." Mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi ndani ya siku 30. Nikasoma, nikaondoka zangu.

Nimefika nyumbani, naweka funguo mezani, ndipo likanijia: hivi sisi ni kitalu gani? Nikashusha begi la marehemu mama, nikapekua makaratasi. Kitalu C, kiwanja namba 137.

Mtaani kwetu hakuna anayejua namba ya kiwanja chake. Tunaelekezana kwa geti la bluu na kona ya pili. Kwa hiyo tangazo limetoka, sheria imetimizwa, na hakuna aliyeambiwa. Siku 21 zilikuwa zimeshaliwa.

Waliopitia haya naomba mseme yaliyowakuta. Pole zenu nimezipokea mapema, kwa sasa nataka kujua kikaoni kunakuwaje.

Mpangaji Mkongwe:
Mimi barua haikunifikia kabisa. Ilipelekwa kwa mwenye nyumba, naye haishi hapo. Sisi tunaolala ndani ya nyumba hizo tulisikia kwa jirani, tena siku moja kabla. Kikao kiliitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, kana kwamba mtaa mzima umestaafu.

Sasa sikilizeni hili. Mlangoni kulikuwa na kijana mpole, kalamu mkononi: andika jina, namba ya simu, saini hapa. Juu ya karatasi pameandikwa "Mahudhurio". Nikasaini, nikaingia, nikakaa, nikabisha mpaka sauti ikakauka. Miezi minane baadaye ripoti ikatoka: wakazi 86 walishirikishwa na kuridhia mradi. Natazama kiambatisho, jina langu la kumi na mbili kutoka juu, na saini ni yangu kweli.

Tangu siku hiyo nikisaini karatasi ya kikao chochote naandika pembeni ya jina: "nimehudhuria, sijaridhia". Wananiangalia vibaya. Waniangalie.

Kalamu Ndefu:
Najua nitatukanwa, ila acheni niseme. Nilikuwa upande wa pili wa meza. Niliajiriwa na mshauri mwelekezi kuandika muhtasari wa vikao kama hivi, miradi mitatu.

Watu mnadhani kuna mtu anakaa usiku kufuta maneno yenu. Mara nyingi hakuna. Fomu yenyewe ndiyo inayofuta. Ina safu mbili, "Hoja" na "Jibu la mradi", na kila kisanduku kinabeba mistari miwili. Mama mmoja alizungumza dakika saba. Alieleza jinsi anavyomlea mjukuu asiyeona, na kwamba mtoto ameshahesabu hatua za kwenda shule: 340, na ngazi tatu za mwisho. Ukumbi ulinyamaza. Mimi niliandika: "Mkazi alihoji kuhusu fidia." Na hakuuliza fidia hata kidogo! Lakini safu ya "Jibu" ilikuwa na jibu la fidia limeshaandaliwa, basi hoja ikalifuata jibu. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo: usitegemee kusema tu. Andika hata ukurasa mmoja, usome kikaoni, kisha ukabidhi. Tulichokabidhiwa kwa maandishi tulikiambatisha kama kilivyo, sikuwa na ruhusa ya kukifupisha.

Na tazameni michoro. Wakija na mchoro mmoja wa rangi, miti imeshachorwa na watu wanatembea na mbwa, mambo mengi yameshapita. Wakija na michoro miwili mitatu ya penseli, bado kuna pa kushika. Ulizeni swali hili: "Ni jambo gani leo bado halijaamuliwa?" Nimeliona likisimamisha meza nzima ya mbele.

Mtaro:
Mimi nitaharibu sherehe. Kwetu tuliutaka mradi. Maji machafu yanaingia ndani kila mvua, na nyumba mbili zimepasuka ukuta. Kikao cha kwanza kikavunjwa na kelele, cha pili kikaahirishwa, cha tatu wakaja watu wasiokaa mtaani kwetu, wenye nyumba za kupangisha tu, wakapinga mpaka mwisho. Miaka minne sasa bado nachota maji kwa ndoo. Anayepiga kelele zaidi siyo lazima ndiye anayeumia zaidi.

Dirisha la Pili:
@Mtaro nimekuelewa, na hata mimi sijasema napinga. Sijui hata wanajenga nini. Hilo ndilo linalonikera.

Msomaji wa Usiku:
Habari ya muhtasari imenikumbusha New York, tarehe 10 Aprili 1968. Kulikuwa na kikao cha hadhara kuhusu barabara kuu iliyokusudiwa kukatiza kusini mwa Manhattan na kubomoa nyumba za watu na sehemu zao za kazi. Jane Jacobs, mwandishi aliyetetea mitaa ya watu, alisimama, akaona kipaza sauti kimeelekezwa kwa wananchi na siyo kwa maofisa, yaani wenyeji wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Akapanda jukwaani na wenzake. Katika purukushani ile utepe wa mashine ya mwandishi wa kikao ukachanwa na kutupwa huku na huko, na Jacobs akatangaza kwamba kumbukumbu haipo, basi kikao hakikufanyika. Alikamatwa. Mwaka uliofuata, 1969, mradi ule ukaachwa, ingawa ulikuwa umepigwa vita miaka mingi kabla ya usiku ule.

Sisemi mkachane karatasi za @Kalamu Ndefu. Nasema Jacobs alijua kitu cha thamani ukumbini ni kipi.

Mwaka huohuo wa 1969 Sherry Arnstein, mtaalamu Mmarekani wa ushirikishwaji wa wananchi, aliandika makala kuhusu ngazi ya ushirikishwaji yenye vidaraja vinane. Kuwapa watu taarifa ni cha tatu, kuwauliza maoni ni cha nne. Vikao vyetu vingi, vikiwa vizuri, vinaishia hapo nusu ya ngazi.

Bibi Nakala:
Mwanangu Dirisha, mimi nilishinda kidogo na kushindwa sana. Nyumba ilikwenda. Ila njia ya waenda kwa miguu, waliyotaka kuiziba, ipo mpaka leo, na watoto wanapita.

Nilifanya hivi. Niliandika nakala mbili. Nikaenda mwenyewe, sikumtuma mtu. Dirishani wakaniambia "acha tu hapo mama". Nikasema siachi. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa nane, mwisho mhuri ukagongwa kwenye nakala zote mbili, "imepokelewa", na tarehe. Walipokuja kusema hakuna aliyelalamika kuhusu njia, nilifungua mkoba. Usiandike kwamba mradi ni mbaya. Andika mradi wako ufanye nini: njia hii ibaki, upana huu, kutoka hapa hadi pale. Jambo dogo linalopimika ni gumu kulikataa.

Na upige picha ya tangazo pale lilipo, kabla mvua haijalitoa.

Dirisha la Pili:
Shikamoo bibi, na asante. Nimerudi pale nguzoni leo. Dalali ameshabandika lingine juu, nimelifunua na kupiga picha, tarehe inaonekana vizuri. Zimebaki siku tano. Tuko kaya 11 mpaka sasa. Je, tuandike barua moja tusaini wote?

Kalamu Ndefu:
Hapana. Kila kaya barua yake, kwa maneno yake. Barua moja yenye saini 11 sisi tulikuwa tunaihesabu pingamizi moja.