Mrejesho: Mafaili kati ya Mac na Windows, na printa iliyogoma

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyepitwa: diski yangu ya nje ilikuwa inasomeka kwenye Mac lakini haikubali kuwekewa faili lolote, na printa iliyochomekwa kwenye kompyuta ya Windows ilikuwa haitoi kitu nikituma kazi kutoka Mac.

Aliyesema tatizo la diski ni NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski) alipatia kabisa. Mac inaisoma, ila haiiandiki. Nikahamisha vitu vyote pembeni, nikaifomati upya kwa exFAT, mfumo ambao Mac na Windows zote zinauandika. Nilikuwa karibu kuchagua FAT32, mfumo mwingine wa zamani, mmoja wenu akanikumbusha kwamba haipokei faili linalofika GB 4, nami nina video ya GB 6. Sasa diski inaandikika kote kote. Jamani, kufomati kunafuta kila kitu, nakili kwanza!

Printa imekubali nusu. Kuishea kwenye mtandao kumeshindikana: Mac inaiona, natuma kazi, inakwama kwenye foleni. Modeli hii ni ya zamani na sijapata draiva yake (programu ya kuiendesha) ya Mac. Kwa hiyo nimefuata ushauri wa pili: nasevu PDF, naipeleka kwa diski, naprinti kutoka Windows. Majedwali yanabaki palepale na fonti hazibadiliki. Nilipopeleka hati ya Word yenyewe, kurasa 12 zilitoka 14.

Asanteni sana, hasa uliyenielekeza hatua kwa hatua usiku ule. Mwenye njia ya hiyo draiva, bado namsubiri.