Mfuko wa familia wa Marekani au ruzuku ya hapa nyumbani: tuombe wapi?

BintiRangiTatu
Habari za jioni wanajukwaa. Sisi ni wanawake wa Mbagala tunaowasaidia wafanyakazi wa nyumbani kudai mishahara na mikataba yao. Kamati yetu inakutana Jumamosi kuamua andiko letu la kuomba fedha liende wapi, kwa kuwa hatuna nguvu ya kuandika maandiko mawili kwa wakati mmoja. Upo mfuko wa hisani wa familia moja ya Marekani, unaotetea waziwazi haki za wanawake na wafanyakazi, na binti wa familia hiyo alitutembelea mwezi uliopita akatuambia tuandike. Ipo pia Foundation for Civil Society ya hapa Dar es Salaam, inayotoa ruzuku kwa asasi za kiraia. Mlio na uzoefu nishaurini.

MkaguziIlala
Dada, hujatupa cha kupimia. Mmesajiliwa kwa sheria ipi? Mnaomba kiasi gani, kwa muda gani? Hesabu zenu zimekaguliwa? Na huyo binti ni mjumbe wa bodi ya mfuko, au ni mwanafamilia aliyekuja kutembea tu?

KakaTabata
Mimi ningeenda kwa familia bila kusita. Kwa sheria yao ya kodi, mifuko binafsi ya Marekani kama huo hubanwa itoe kila mwaka takribani asilimia 5 ya thamani ya mali yake, kwa hiyo fedha hizo lazima zitoke. Kila mfuko hujaza fomu ya kodi iitwayo 990-PF ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, na humo utaona nani alipewa na kiasi gani. Ukikuta wamewahi kuvipa vikundi vidogo vya Afrika, andika. Zaidi ya hayo, baadhi yao hutoa fedha zisizofungwa kwenye shughuli moja, ukalipa pango na mishahara bila kuomba ruhusa kwa kila shilingi.

MzeeKigamboni
Kaka Tabata anasema kweli, lakini ngoja niwaeleze yaliyotupata, maana nayo ni kweli. Kwa miaka minne tulifadhiliwa na mfuko wa familia ambao siutaji. Mama aliyeuanzisha alikuwa akitupigia simu mwenyewe, na aliwafahamu walimu wetu kwa majina. Andiko letu la kwanza lilikuwa barua ya kurasa mbili, nasi tukaamini kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo. Mama akafariki. Watoto wake wakagawana viti vya bodi, wakaajiri mkurugenzi, na Ijumaa moja jioni tukapata barua pepe ya aya tatu: mfuko umebadili vipaumbele, na malipo ya mwaka ule yangekuwa ya mwisho. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa ofisi, mwenye nyumba akisubiri kodi ya miezi sita, na mkononi nina bahasha ya nauli za walimu tu. Hawakuvunja mkataba, maana mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Kosa letu lilikuwa kushikamana na mtu badala ya taasisi. Ningekuwa wewe, ningeuliza mapema: mkataba ni wa miaka mingapi, nani anapiga kura, na huyo binti akiondoka, nani mwingine mle ndani anatufahamu?

MwalimuTemeke
Mnasahau asili ya fedha zenyewe. Kikundi kinachotetea mnyonge kinapaswa kujua utajiri wa mfadhili ulichumwa wapi.

KakaTabata
Mwalimu, kwa kipimo hicho hakuna atakayepokea senti. Rockefeller Brothers Fund ilianzishwa 1940 na warithi wa utajiri wa mafuta, na mwaka 2014 ikatangaza kuondoa uwekezaji wake katika mafuta na makaa ya mawe. Familia hubadilika.

MwalimuTemeke
Sikusema wakatae. Nasema waulize kabla ya kusaini, kwa sababu waajiri wa Mbagala watauliza, na jibu lazima liwepo.

BintiRangiTatu
Shikamoo Mzee, na asante sana. Mkaguzi, uniwie radhi. Sisi ni kikundi kilichosajiliwa Manispaa ya Temeke, tuko 31. Tunahitaji shilingi milioni 45 kwa miaka miwili. Hesabu zetu ziko kwenye kaunta buku, hazijawahi kukaguliwa. Kuhusu binti, hatukumuuliza cheo chake.

MkaguziIlala
Basi la usajili ndilo la kwanza. Cheti cha kikundi si usajili wa NGO chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, ingawa mkifanya kazi Temeke tu, usajili wa ngazi ya wilaya unawatosha. Kanuni za 2018 nazo zilitaka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ufikishwe Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10 tangu kusainiwa; muulizeni Msajili muda wa sasa. Na kwa upande wa Marekani, mfuko binafsi unaotoa ruzuku nje ya nchi hauna budi ama kujiridhisha kwamba mpokeaji ni sawa na shirika la hisani la kwao, ama kusimamia matumizi kwa mkataba na ripoti. Vyovyote vile, mtaulizwa hesabu. Msiitupe hiyo kaunta buku: kila mstari utafutiwe risiti yake, na kama haipo, muandike maelezo na wawili wasaini.

KakaTabata
Au wapitie shirika mwenyeji lenye usajili, lipokee fedha kwa niaba yao.

MzeeKigamboni
Kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja asilimia ya mwenyeji na siku za kuwafikishia fedha. Bila hayo, hapana.

BintiRangiTatu
Risiti za mwaka huu ninazo kwenye mfuko wa rambo, nyingine wino umefutika. Nitaanza nazo usiku huu. Je, kuna anayelifahamu shirika la Temeke linalokubali kuwa mwenyeji? Na barua ya kwanza niipeleke kwa binti, au ofisini kwao?

MzeeKigamboni
Ofisini, mwanangu, na nakala kwa binti.