Roosevelt alitoa wapi mamlaka ya kuingilia mgomo wa makaa ya mawe 1902?

msomajihuru: Wakuu habari zenu. Nasoma historia ya Marekani miaka ya mwanzo ya 1900 na kuna kitu kinanisumbua. Mwaka 1902 wachimbaji wa makaa ya mawe kule Pennsylvania, zaidi ya 140,000, waligoma toka mwezi wa tano mpaka wa kumi, baridi inakaribia na watu wa mijini hawana cha kupashia nyumba. Rais Theodore Roosevelt akawaita wenye migodi pamoja na John Mitchell, kiongozi wa wachimbaji. Sasa katiba yao ilimpa rais mamlaka gani kwenye ugomvi wa tajiri na vibarua wake? Natafuta kifungu sikioni.

Mzee wa Nyaraka: Hukioni kwa sababu hakipo mkuu. Hata mwanasheria mkuu wake, Philander Knox, alishamwambia sheria haimpi njia. Aliwaita hivyo hivyo, mwenyewe yuko kwenye kiti cha magurudumu maana mguu ulikuwa umeumia kwenye ajali ya gari la farasi mwezi uliopita, na wenye migodi wakaja wamevimba kweli kweli, hata kuongea na Mitchell hawataki, kikao kikaisha patupu. Ndio akaanza kutishia kwamba ataleta jeshi lishike migodi lichimbe lenyewe. Hapo J.P. Morgan, yule tajiri wa benki, akaingia kati ikapatikana tume ya kuamua ugomvi. Sehemu ninayoipenda mimi ni hii, matajiri walikataa katakata kiongozi wa chama cha wafanyakazi asikae kwenye tume, ila walikubali awepo mtaalamu wa mambo ya jamii, basi Roosevelt akamchukua E. E. Clark, kiongozi wa chama cha makondakta wa reli, akamweka kwenye nafasi hiyo ya mtaalamu, wakapokea! Mwaka 1903 tume ikatoa nyongeza ya asilimia 10 na wengi wao saa za kazi zikashuka toka 10 hadi 9, chama chao ndio hakikutambuliwa.

binti_sheria: Niongezee, watu wanasema serikali ya Marekani kabla ya hapo ilikuwa haina meno, sio kweli. Mwaka 1894 kwenye mgomo wa reli wa Pullman rais Cleveland alipeleka jeshi Chicago huku gavana wa Illinois anapinga. Meno yalikuwepo, tatizo yalikuwa yanamng'ata mfanyakazi tu. Na ukitafuta mwenye nguvu hasa kipindi kile usimtazame rais, tazama majaji. 1905 Mahakama ya Juu ikafuta sheria ya New York iliyosema waoka mikate wasizidishe saa 60 kwa wiki, 1918 ikafuta sheria ya Bunge ya kuzuia ajira za watoto, zote mbili kura 5 kwa 4. Yaani kura ya jaji mmoja tu inamrudisha mtoto kiwandani, hili linaniuma mpaka leo.

msomajihuru: Asante sana dada. Sasa kodi ya mapato mbona walifanikiwa kuipitisha?

binti_sheria: Ilibidi wabadilishe katiba kabisa. Mahakama iliifuta 1895, ikarudi 1913 kwa marekebisho ya 16.

Mzee wa Nyaraka: Na msisahau upande wa pili, nguvu hiyo hiyo ya serikali ilipokua ilifunga watu midomo. Eugene Debs ndiye aliyeongoza mgomo wa 1894 akafungwa miezi sita. 1918 akatoa hotuba Canton, Ohio ya kupinga Vita Kuu ya Kwanza, akapigwa miaka 10, akagombea urais 1920 akiwa gerezani Atlanta na akapata kura zaidi ya laki tisa. Rais Wilson alikataa kumwachia, kamtoa rais aliyefuata, Harding, Desemba 1921. Mleta mada soma kesi zake mbili za Mahakama ya Juu, ya 1895 kuhusu mgomo na ya 1919 kuhusu hotuba, zote alishindwa na hakuna jaji hata mmoja aliyepinga.