Naombwa nifundishe Kiswahili kwenye Kwanzaa, niende au nipotezee?

mbeba_boksi_ohio

Wakuu habari za masiku. Niko Columbus mwaka wa tisa sasa, kazi ni ghala, usiku, boksi linabebwa kama kawaida. Kuna kitu kinanisumbua na wife kashasema hataki kukisikia tena kwa hiyo nakileta kwenu.

Kazini kuna dada mmoja mmarekani mweusi, ndo supavaiza wetu wa shifti ya usiku, mtu poa sana hana makuu. Mwaka jana tarehe 26 Desemba akanialika Kwanzaa kwenye ukumbi wa mtaani kwao. Mimi Kwanzaa nilikuwa naisikia tu nikidhani ni Krismasi ya watu weusi, kumbe ni sikukuu ya Wamarekani weusi ya siku saba. Nafika nakuta mezani kuna mkeka, juu yake mishumaa saba, mweusi mmoja katikati, myekundu mitatu huku na ya kijani mitatu kule, matunda, mahindi, kikombe kikubwa cha mbao, na kila kitu kinaitwa kwa Kiswahili, mkeka ni mkeka, kinara ni kinara, zawadi ni zawadi, yaani nilijihisi nimeingia sebuleni kwa shangazi Morogoro ila watu wote wanaongea Kiingereza. Mzee mmoja kavaa kente akanijia kifua mbele, "Habari gani!" Mimi nikamjibu nzuri mzee wangu, sijui za kwako. Kimya. Alaf watoto wakaangua kicheko. Kumbe siku ya kwanza ukiulizwa habari gani unatakiwa kujibu "Umoja!", kesho yake "Kujichagulia!", hivyo hivyo mpaka tarehe 1 Januari, kila siku na nguzo yake. Mswahili pekee mle ndani ni mimi na aliyefeli Kiswahili ni mimi.

Sasa mwaka huu yule dada anataka nisimame dakika kumi niwafundishe matamshi ya zile nguzo saba. Roho inasita. Wife ni mlokole, aliona ratiba ya mwaka jana kuna sehemu imeandikwa Tamshi la Tambiko, wanamimina maji kwa ajili ya mababu, akasema yeye hakanyagi na watoto hawakanyagi. Na binti yangu wa miaka 11 ambaye nyumbani nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, huyo huyo ndo ananing'ang'ania kila siku twende Kwanzaa, marafiki zake wote wanaenda. Na mimi mwenyewe sijui kama natakiwa niwasahihishe watu sikukuu yao au nikae nile chakula niondoke. Mnasemaje?

Kigogo_wa_Temeke

Mkuu potezea. Wanyamwezi hao wa Marekani (Wanyamwezi wa Tabora mtanisamehe) mwaka mzima wanaicheka lafudhi yako, wanakuuliza kwenu mlikuwa mnalala na simba, ikifika Desemba ndo wanaikumbuka Afrika. Alaf tuseme ukweli, mababu zao walipakiwa kwenye meli huko pwani ya magharibi, Gorée, Elmina, Luanda, Kiswahili hawakuwahi kukisikia hata siku moja. Wangechukua Kiyoruba au Kiwolofu au Kikongo ningewaelewa. Hiyo Kwanzaa aliibuni mtu mmoja tu, Karenga, California mwaka 1966, hakuna kijiji chochote Afrika kinachoisherehekea. Kesho na mimi nikibuni sikukuu ya Kichina hapa Temeke nikaipa majina ya Kichina mtanipeleka Mirembe.

BintiTanga

Kigogo na wewe, Nanenane ilishuka na Adamu? Sabasaba je? Sendi-ofu ambayo unachangishwa laki kila mwezi bibi yako aliijua? Kila sikukuu kuna mtu au watu walikaa wakaianzisha, tofauti ni kwamba hii tunamjua mwanzilishi wake na mwaka wake.

Kaka mbeba boksi mimi nazungumza lugha tu, mengine mtajua wenyewe. Wale Kiswahili chao si kibaya kama mnavyodhani. Chukua nguzo ya ujima. Sisi tulioisoma shuleni ujima ni ule wa mwalimu wa historia, watu wanawinda na kuchimba mizizi, baadaye ukaja ukabaila, baadaye ubepari, unakariri unaandika kwenye mtihani unasahau. Wao wamelichukua kwa maana ya kazi ya pamoja na kubebana kwenye shida, na bibi yangu wa Pangani ukimuuliza ujima ndo huo huo atakaokutajia, leo mnalima kwa fulani kesho kwa fulani, mwenye shamba anapika. Kwa hiyo hapo wao ndo wamebaki na maana ya bibi na sisi tumebaki na ya mtihani. Kujichagulia nalo nalipenda, sisi tulizoea kujitegemea, hili la kuchagua wewe mwenyewe uitwe nani na usimame wapi halikuwahi kuandikwa kwenye bango lolote kwetu.

Hiyo a ya mwisho kwenye Kwanzaa usiiguse. Jina limetoka kwenye "matunda ya kwanza" na a wakaiongeza makusudi ili herufi ziwe saba, si kosa la tahajia. Na mezani wanaweka kitu wanakiita muhindi, mmoja kwa kila mtoto wa nyumba. Ni neno sahihi kabisa, ni mhindi wa shambani, lakini mimi nikisikia "wamemweka Muhindi juu ya mkeka" namuona yule wa duka la vitambaa barabara ya kumi na mbili 😂

Kama kuna kitu kimoja cha kusahihisha ni ile nguzo ya kuumba. Wengi wanasema kumba. Wavutie u mbili. Mtu anayetaka kusema ana kipaji cha kuumba asiishie kusema anakumba watu.

Ila kaka kuna kitu umekiruka. Mtu mzima roho haisiti mwaka mzima kwa sababu watoto walimcheka. Ulifanya nini mle ndani?

Karis_254

Wah, kinara! Huku kwetu kinara ni wa chama, nikisikia kinara ako na mishumaa saba naona tu press conference ya muungano. Alafu nimeskia karamu yao ya tarehe 31 wanamalizia kwa kupiga Harambee mara saba. Mkiniambia mimi harambee mara saba nitatoroka na mlango wa nyuma, harambee moja tu ya hospital bill nimelipa mpaka leo sijapona 😅

But serious boss, mimi niko Minnesota na nakuambia ukweli sisi Wakenya ndio tuko na aibu. Watoto wetu hawajui Kiswahili, hawajui Kikuyu, hawajui Kijaluo, sisi tuliwanyima juu tuliogopa wataongea Kiingereza na accent. Alafu tunaketi kwa nyama choma tunacheka mtu ameita mtoto wake Nia ama Jabari. Huyo ako na neno moja na amempea mtoto. Mtoto yako umempea maneno ngapi?

Mzee_wa_Same

Wanangu shikamooni msiitikie, mimi ndiye mkubwa. Nimesoma hapa nikaona mnahukumu bila kujua ile miaka ilikuwaje.

Kijana mweusi wa Marekani mwaka 1965 au 66, mtaa wa Watts kule Los Angeles umetoka kuungua juzi, anatafuta lugha ya Kiafrika ya kushika. Babu yake alitoka wapi hasa hajui, Senegal, Benin, Angola, karatasi iliyopo ni ya mnunuzi. Achague kabila lipi? Anatazama huku anaona Dar es Salaam, kamati ya ukombozi ya OAU, ule umoja wa nchi za Afrika, ipo pale tangu 1963, wapigania uhuru wengi wa kusini wana ofisi pale, Malcolm X kapita pale 1964, na nchi ile inaongea lugha moja ambayo si ya kabila moja. Mwalimu alikuwa ameandika kuhusu ujamaa tangu 1962. Hebu tazameni tarehe, Kwanzaa ya kwanza ni Desemba 1966 na ndani yake nguzo ya nne ni ujamaa, Azimio la Arusha lenyewe lilikuja kutangazwa 5 Februari 1967. Wale walikuwa wamewasha mshumaa wa ujamaa wiki tano na kitu kabla yetu.

Na hawakuishia kwenye mishumaa. Bob Moses, yule aliyekuwa akiandikisha watu weusi kupiga kura Mississippi huku akipigwa, alikuja akafundisha hesabu hapa hapa Same, mwisho wa miaka ya 60 mpaka katikati ya 70. Pete O'Neal wa Black Panther, kile chama cha weusi wa Marekani, alihamia Tanzania 1972 akaweka makazi Imbaseni karibu na Arusha, mtoto wa shule wa pale hajui kama huyo ni mgeni. Mwaka 1974 mkutano wa sita wa Afrika nzima na waliotawanyika ulifanyika Chuo Kikuu cha Dar, walijaa pale. Hao wote hawakuuliza kwanza kama babu zao walipita Bagamoyo.

Ghana nao 2019 waliwaita rasmi warudi, mwaka wa kukumbuka miaka 400 tangu watumwa wa kwanza wa Kiafrika wafikishwe Virginia, watu wakapewa mpaka uraia. Sisi neno letu liko mezani kwao toka 1966 na bado tunabishana kama tuwapelekee kamusi.

mama_wa_bukavu

Miye niko mutu wa Bukavu, tulikaa ku kambi ya wakimbizi ya Nakivale kule Uganda myaka munane mbele ya kuleta sisi huku Kentucky. Munisamehe kiswahili changu, ninajua nyinyi ba Tanzania munatuchekaka, munasema ya Congo si kiswahili.

Mutoto wangu wa muvulana ku masomo batoto beusi ba huku balikuwa banamusumbua sana, banasema anaongea lugha ya pori, alikuwa anarudi nyumbani analia hataki tena niongee naye mbele ya batu. Desemba mwalimu akafundisha Kwanzaa, akaandika Imani ku tableau, akauliza nani anajua maana. Mutoto akainua mukono. Dada yake anaitwa Imani. Akaanza kubaelezea yote, umoja, nia, kuumba, na namna ya kuhesabu mpaka kumi, bale balikuwa banamusumbua bakaja kumuomba aandike majina yabo. Sasa banamuita profesa na yeye anatembea kama profesa kweli, hata sahani haosheki tena.

Papa wewe enda. Kama wewe hautaki mimi nitatuma mutoto.

Kigogo_wa_Temeke

Haya mmenizidi kwenye Nanenane, na mama wa Bukavu kanimaliza. Ila mkuu usifundishe bure, huyo supavaiza akupe ofu yenye malipo.

mbeba_boksi_ohio

Nimesoma zote asanteni, Mzee wa Same shikamoo hata kama umekataza.

BintiTanga umenikamata. Kulikuwa na bibi mmoja pale, miaka themanini na kitu, anatembelea kigongo. Akajitambulisha jina lake, silitaji hapa, ni neno la Kiswahili ila si jina la mtu, ni kama mtu aje akwambie naitwa Kabati. Mimi sijui ni zile aibu za kuchekwa na watoto nilitaka kulipiza, nikamwambia mbele ya watu, bibi kwetu hilo si jina. Hakukasirika. Akakaa kidogo akaniambia jina alilozaliwa nalo ukoo wao waliachiwa na mwenye shamba aliyemnunua babu wa babu yake, na hili aliliokota mwenyewe kwenye kitabu mwaka 1971, akaenda mahakamani akalipia likaandikwa, na hilo ndo litaandikwa kwenye kaburi lake. Akanishika mkono akaniuliza kwetu jina langu lina maana gani. Mimi naitwa Godfrey jamani. Nilikosa pa kuangalia.

Ndo maana roho inasita, naogopa kumuona. Ila baada ya mama wa Bukavu nikamwambia binti yangu hiyo habari ya mtoto profesa, jana nimerudi kazini asubuhi namkuta kajiandikia nguzo zote saba kwenye friji anazisoma kwa sauti, ananiuliza dadi kuumba ni u ngapi. Mwaka wa tisa huu ndo swali lake la kwanza la Kiswahili ambalo sijamlazimisha. Kwa hiyo dakika kumi nimempa yeye, mimi nitakaa nyuma, na yule bibi nitamfuata kabla hawajawasha mshumaa nimwombe radhi.

Wife tumefikia muafaka, atapika pilau la tarehe 31 na ataingia ukumbini tambiko likishaisha, mtu atamtumia meseji.

Sema nawajua wenyewe mtanicheka, tarehe 26 nitakuwa nimetoka shifti saa kumi na mbili asubuhi, mzee wa kente akinirukia na habari gani yake mimi najijua, ntajibu nzuri tu.

Karis_254

Umoja, boss. Andika kwa kiganja na biro.