Naomba ushauri: albamu ya kadi za picha za pakiti za chai aliyoiacha babu

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Niko Moshi, Majengo.

Marehemu babu alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa enzi za mkoloni. Kwenye sanduku lake tumekuta albamu ya Brooke Bond, kampuni ya chai ya Uingereza, iitwayo African Wild Life, ya mwaka 1961: kadi 50 ndogo za wanyama wa Afrika. Nilivyosoma, kampuni hiyo ilianzishwa na Arthur Brooke kule Manchester mwaka 1869, na huyo Bond hakuwahi kuwepo, jina liliongezwa tu linoge! Kuanzia 1954 walitia kadi ndani ya pakiti za chai, wakianza na ndege wa Uingereza, mpaka 1999. Mtoto akitaka seti itimie, mama analazimika kununua chai ileile. Wajanja kweli.

Sasa shida. Kadi zote zimegandishwa kwa gundi, na kurasa zimeanza kuingia ukungu. Binamu yangu anataka tuzibandue kwa mvuke wa birika tuuze moja moja. Mimi moyo unasita, naona zitachanika, halafu kadi hizi zilitolewa kwa wingi mno, sidhani kama kuna utajiri hapo.

Aliyewahi kuokoa albamu au vitabu vya zamani anisaidie: ukungu unatolewaje bila kuharibu rangi? Na kwa Moshi au Arusha kuna fundi wa kujalidi anayeaminika? Shangazi keshasema haiuzwi, ila binamu hajakubali.