Maktaba yetu haichagui vitabu: inapokea maboksi na kutupa vilivyosomwa

Ndugu wanajukwaa,

Nimejizuia siku 3 nisiandike uzi huu, ili hasira isinisemeshe nisiyoyajua. Hasira haijapungua, lakini ninachokijua nimekihakikisha kwa macho yangu, kwa hiyo naandika.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa mji mmoja mdogo wa mkoa wa Tabora, na tangu nistaafu nafuga nyuki. Maktaba ya umma ninayoilalamikia sitaitaja, wala sitamtaja mtumishi wake yeyote, kwa sababu nina hakika kwamba wengi mtakaosoma hapa mtadhani nazungumzia ya kwenu.

Msimu uliopita mnunuzi alinirudishia madumu 2 ya asali akisema ina maji mengi. Soko la asali lina kiwango chake, maji yasizidi asilimia 20, na asali inayovunwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta huwa majimaji na mwishowe huchacha. Hayo niliyajua kwa kuambiwa tu; nilitaka kuyasoma kwa utaratibu, na kwa lugha ambayo vijana wangu wawili wanaonisaidia kurina wangeielewa. Mkoa wetu asali ndiyo sifa yake, na Tabora mjini kuna chuo kinachofundisha ufugaji nyuki tangu zamani. Nikajiambia kwamba kama kuna kitabu kimoja ambacho maktaba ya umma ya huku haiwezi kukikosa, basi ni hicho.

Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba za Dewey, utaratibu uliotolewa mwaka 1876, na ndani yake ufugaji nyuki una namba yake, 638.1. Nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Baada ya 636, penye ng'ombe na kuku, kilifuata kitabu kimoja chenye picha za rangi kuhusu kutunza samaki wa mapambo katika matangi ya vioo sebuleni. Kati yao hapakuwa na kitu. Nikasogea kwenye 633, nikitafuta tumbaku, zao ambalo nusu ya jirani zangu wanasomeshea watoto, nako hakuna. Nilipofika 796, michezo, nikakuta nakala 2 za kitabu cha Kiingereza kinachofundisha kuteleza kwenye theluji. Hapa kwetu kitu cheupe kinachoanguka kutoka juu ni mvua ya mawe, nayo haitelezewi.

Nilifungua jalada la nyuma la kimojawapo. Ile karatasi ya kugongea muhuri wa tarehe ya kurudisha ilikuwa nyeupe kabisa, haina hata muhuri mmoja, na ukingo wake ulikuwa umeanza kuwa wa njano.

Binti wa kaunta, ambaye sina ugomvi naye na alinipokea kwa adabu, nilimuuliza ni nani aliyechagua kitabu kile. Akanijibu, "Mwalimu, sisi huwa hatuchagui. Vitabu vinakuja."

Vinakuja! Kama kumbikumbi.

Nilipoomba kuelezwa zaidi, mkubwa wake alinipeleka stoo, nadhani ili nimwonee huruma, na kweli nilimwonea. Humo mna maboksi yaliyopangwa hadi dirishani, misaada ya wafadhili mbalimbali, na lililokuwa wazi lilikuwa na mwongozo wa kutumia kompyuta za Windows 95, kitabu cha kujaza fomu za kodi kwa wakazi wa Marekani, na riwaya za jalada laini ambazo kurasa zake zilikuwa zimegandamana. Utaratibu wao ni huu: boksi linafunguliwa, kitabu kinaandikwa kwenye daftari la usajili, kinagongwa muhuri, kinabandikwa namba, kinapanda rafuni. Hakuna hatua ambapo mtu anajiuliza kama kuna binadamu yeyote katika wilaya hii atakayekihitaji. Nilipomwambia kwamba vingine ni vya kukataa, alisema, "Mzee wangu, tukikataa wataona tuna kiburi, na safari nyingine hawatatuletea." Sasa ikiwa wasipoleta tena tutakosa mwongozo mwingine wa Windows 95, hasara hiyo ni ya kupimwa kwa kipimo gani?

Ningeweza kunyamaza kama kasoro ingekuwa kwenye maboksi tu, maana umaskini unaeleweka. Kilichonichoma ni kile nilichokiona sakafuni karibu na mlango wa stoo hiyo hiyo. Palikuwa na rundo la vitabu vya Kiswahili, kila kimoja kimegongwa neno IMEONDOLEWA, vikisubiri kuchomwa. Nikaokota kimoja, diwani ya mashairi niliyowahi kuiazima mwenyewe nikiwa bado nafundisha. Mgongo wake mtu alikuwa ameushona kwa uzi mweusi, mshono wa mkono, mzuri tu. Karatasi ya tarehe ilikuwa imejaa mihuri pande zote mbili, juu yake ikabandikwa ya pili, nayo ikajaa, na tarehe za mwisho zilikuwa zimegongwa pembeni kabisa kwa kukosa nafasi. Nikauliza kosa lake. Jibu likawa kwamba kimechakaa, na wameagizwa kuondoa vitabu vilivyochakaa ili maktaba ionekane nadhifu.

Nilisimama pale nikiwa na vitabu hivyo viwili kichwani, na hesabu ikakataa kukaa sawa. Kitabu cha theluji ni safi kwa sababu hakuna aliyekishika. Kwa hiyo kinabaki. Diwani imechakaa kwa sababu watu wameisoma mpaka imefumuka. Kwa hiyo inachomwa. Endeleeni na utaratibu huo miaka 10, na rafu zitabaki na vile tu ambavyo wasomaji wamevikataa. Hii nayo ni njia ya kuteua vitabu, msidanganyike, ila inateua kwa kuwaadhibu wasomaji.

Sisemi vitabu visiondolewe. Kitabu cha dawa chenye maelekezo yaliyokwisha kubatilishwa ni hatari, na vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani, ambavyo maktaba yetu inavyo kwa wingi wa kutisha wakati mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, havimsaidii mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Wakutubi wanafundishwa kutazama mambo kadhaa kabla ya kuondoa: kama maarifa yake yamepitwa, kama hakiazimwi, kama kuna kingine kinachoziba pengo lake, na hali yake ya kimwili. Kitabu kinachoazimwa sana kikiraruka, kanuni ni kukijalidi upya au kununua nakala nyingine. Karatasi ya tarehe imewekwa hapo kwa kazi hiyo pia, ya kumwambia mkutubi nini kinasomwa.

Tukija kwenye maoni ya wasomaji, lipo daftari. Limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na juu yake pameandikwa "Mapendekezo". Mimi mwenyewe niliandika humo mwaka jana kuomba kitabu cha nyuki. Nililifungua tena siku ile na nikaikuta sentensi yangu mahali pale pale. Juu yangu kulikuwa na mwanafunzi aliyeomba vitabu vya fizikia vya mtaala mpya, chini yangu mtu mwenye mwandiko wa kike aliyeomba kitabu cha ushonaji chenye vipimo, na chini zaidi mtu aliyeomba historia ya watemi Mirambo na Isike iliyoandikwa kwa Kiswahili, jambo la aibu kuombwa katika nchi ya Wanyamwezi, maana lilipaswa liwepo bila kuombwa. Upande wa kulia kuna safu iliyopigwa mstari kwa rula na kuandikwa "Majibu". Kurasa zote nilizofunua, safu hiyo haina hata nukta.

Mtaniambia bajeti hakuna. Nakubali haitoshi. Lakini kuchagua kunahitajika zaidi pale pesa inapokuwa kidogo. Mwenye shilingi elfu 50 za sokoni ndiye anayepanga kuliko mwenye milioni. Wala tusiambiwe kwamba vitabu vya Kiswahili havijulikani viliko. Nchi hii ina sheria ya huduma za maktaba, Sheria Na. 6 ya mwaka 1975, na wachapishaji wa ndani wanawajibika kuwasilisha nakala za wanavyochapisha, hivyo kuna mahali ambapo orodha inaweza kuulizwa. Na kuhusu misaada, kinachohitajika ni karatasi moja iliyoandikwa: tunapokea vitabu vya aina hii, vya lugha hizi, visivyopita umri huu, na vingine hatupokei. Mfadhili mwenye nia njema atashukuru kuelekezwa. Mwenye nia ya kupunguza mzigo wa ghala lake atakasirika, na akasirike.

Tamko la UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, kuhusu maktaba za umma, lililohuishwa mwaka 2022, linasema mkusanyiko usiwe chini ya shinikizo la kiitikadi, la kisiasa, la kidini wala la kibiashara. Huku kwetu hatujafikia hata mjadala wa shinikizo. Hakuna anayetushinikiza, kwa kuwa hakuna anayeshika uamuzi wa kushinikizwa. Niliomba kuonyeshwa sera ya uteuzi ya maktaba ile, nikaulizwa sera gani.

Nilichofanya mpaka sasa ni kuandika barua kwa mkuu wa maktaba, nakala kwa diwani wa kata yetu, nikiomba mambo ambayo hayahitaji fungu jipya: uchomaji usimame hadi rundo lile likaguliwe kwa kutazama mihuri ya kuazima, daftari la mapendekezo lisomwe na kujibiwa kila mwezi, japo jibu liwe "hatuna uwezo", na boksi lolote jipya lipite mbele ya mkutubi na wasomaji wawili au watatu kabla ya kusajiliwa. Ile diwani ya mashairi niliomba niinunue, nikakataliwa kwa kuwa mali ya umma haiuzwi kiholela. Kuchomwa inaruhusiwa.

Jumatatu narudi kule. Mwenye kufahamu kitabu cha ufugaji nyuki cha Kiswahili kinachopatikana madukani sasa hivi, naomba aniandikie hapa jina lake, mchapishaji na bei. Safari hii nitaijaza sehemu yangu ya daftari kikamilifu, wasije wakasema ombi halikueleweka, na nitakwenda na kalamu yangu, kwa sababu ile ya kwenye kamba haina wino.