Naombeni ushauri: nimchague daktari yupi wa mtoto kabla sijajifungua?

Mtarajiwa:
Wana jukwaa, salaam. Nina ujauzito wa wiki 34, ambao ni wa pili, na nimekwama katika jambo nililodhani ningelimaliza kwa siku moja. Nataka mtoto awe na daktari wake kabla hajazaliwa, ili nisije kuanza kuulizia wa kumpima nikiwa kitandani. Nimekwenda kuwaona wawili. Wa kwanza ni mama wa makamo, na kliniki yake iko karibu na ninapoishi. Nilipokuwa nasubiri, mlango ulikuwa wazi, nikamwona anakifumbata kichwa cha stetoskopu kiganjani mpaka kipate joto, ndipo akakiweka kifuani mwa mtoto aliyekuwa akilia. Usiku, hata hivyo, hapokei simu mwenyewe, bali hupokezana zamu na wenzake watatu. Wa pili ni mzee mwenye jina na uzoefu wa zaidi ya miaka 30, anayepokea simu saa yoyote, lakini yuko mbali na foleni yake ni ndefu. Kati ya ukaribu na uzoefu, kipi kitangulie? Naombeni busara zenu, wala si kejeli.

Baba_Pacha:
Dada, mimi nilimchagua daktari kwa sababu alikuwa na sauti nzito inayotuliza, na hadi leo sijui kama nilipatia au nilibahatisha. Siku ya tatu baada ya kuzaliwa, mmoja wa pacha wangu alikutwa amepungua gramu 190 kutoka 2,600. Mke wangu alilia, na mimi nikaisingizia mizani kuwa ni mbovu. Daktari akatueleza, bila kuinua sauti hiyo yake, kwamba mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, kwamba wasiwasi huanza upungufu unapokaribia asilimia 10, na kwamba wengi huwa wameurudia uzito wao zinapotimia wiki mbili. Chagua wa karibu. Saa nane za usiku, uzoefu wa mtu aliye mbali hauna msaada.

Mkongwe_wa_Jukwaa:
Vijana wa leo mnachagua daktari kama mnavyochagua kitambaa cha kushona. Mama yangu alitulea saba, sote tulipokelewa na mkunga, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na daktari wake. Mtoto hulelewa kwa subira na adabu, si kwa orodha ya namba za simu.

Baba_Pacha:
Shikamoo mzee wangu. Saba hao ni mliolelewa. Uliwahi kumwuliza mama alizaa wangapi?

Mkongwe_wa_Jukwaa:
Marahaba. Alizaa tisa. Endeleeni.

Nesi_Mstaafu:
Mtarajiwa, swali lako linajibika, lakini si kwa vipimo ulivyoviweka. Waulize wote wawili mtoto ataonekana mara ngapi. Shirika la Afya Duniani linashauri apimwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya sita. Waulize pia wewe ukipiga simu usiku kwamba mtoto wa mwezi mmoja ana joto la 38, utaambiwa nini. Jibu sahihi ni kwamba aletwe mara moja, na anayekuambia usubiri kuche, muage hapo hapo. Zamu ya wenzake watatu hainitishi hata kidogo ikiwa wote wanasoma faili moja. Kinachonitisha ni kwamba mama wa mtoto wa pili kwa kawaida hahangaiki hivi. Mtoto wa kwanza alipatwa na nini? Na kundi lako la damu ni lipi?

Mtarajiwa:
Nilitarajia kuliepuka swali hilo. Mwanangu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka minne, aligeuka wa manjano hata saa 24 hazijatimia. Tuliruhusiwa kurudi nyumbani mchana, na jioni, nilipomfungua macho karibu na taa, weupe wake haukuwa weupe tena. Nikampigia daktari, akaniambia kwamba manjano kwa watoto wachanga ni jambo la kawaida na kwamba tuonane asubuhi. Asubuhi alikuwa amelegea, hata kunyonya hawezi. Alikaa chini ya taa siku sita, na walikuwa wamekwisha kuandaa damu ya kumbadilishia ndipo kiwango cha manjano kikaanza kushuka. Damu yangu ni O hasi na ya mume wangu ni chanya.

Daktari niliyempigia ndiye huyu mzee. Ni baba mdogo wa mume wangu, na fomu zake nilizijaza wiki iliyopita. Naombeni msimhukumu, kwa sababu alisikia sauti yangu tu na mtoto hakumwona, na baadaye ndiye aliyekesha nasi wodini. Mtu hatupwi kwa kosa la simu moja.

Baba_Pacha:
Kumbe umekuja kutuuliza uchague yupi, na fomu umekwisha kujaza!

Msomaji_wa_Usiku:
Habari ya taa imenikumbusha kisa nikipendacho. Katika miaka ya 1950, huko Uingereza, muuguzi mmoja alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti bustanini wapate jua, akagundua kwamba mmoja wao manjano yalikuwa yamefifia mwilini, isipokuwa palipokuwa pamefunikwa na kona ya shuka. Madaktari wa hospitali ile walilifuatilia jambo hilo, na mwaka 1958 wakachapisha taarifa ya taa waliyoiunda. Kwa hiyo dada, jua la asubuhi lipo bure.

Nesi_Mstaafu:
Kisa ni cha kweli, ila ushauri uliofungwa mkiani mwake ni wa hatari. Jua halina kipimo, humchoma mtoto au humtia baridi ukimvua nguo, na huwapa wazazi sababu ya kukaa nyumbani. Manjano ya kawaida huanza kuonekana siku ya pili au ya tatu. Yanayotokea kabla ya saa 24 ni ugonjwa mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo, na bilirubini, yaani ile rangi ya manjano iliyomo katika damu, ikipanda mno huharibu ubongo.

Bundi_Macho:
Samahanini, lakini mimi naona hii ni chai. Mama mwenye damu hasi kwa kawaida hamdhuru mtoto wa kwanza, kwa sababu mwili wake hujifunza kutengeneza kingamwili za kuishambulia damu ya mtoto pale damu za mama na mtoto zinapochanganyika wakati wa kuzaa, na anayeumia ni yule anayefuata. Mleta mada anatuambia wa kwanza ndiye aliyeugua hivyo. Wala hajaitaja sindano ya anti-D, ya kuzuia kingamwili hizo zisitengenezwe, ambayo hutolewa katika wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Ama ametunga, ama amenakili kisa cha mtu mwingine na kukikosea. Napendekeza uzi ufungwe.

Nesi_Mstaafu:
Bundi, umesoma nusu ya ukurasa. Mama wa kundi O anaweza kuzaa mtoto wa kundi A au B mwenye manjano ya mapema hata katika mimba ya kwanza. Ila nakubali kwamba hayo ni nadra kufikia hatua ya kuandaa damu ya kubadilisha, kwa hiyo swali lako lina uzito, hata kama adabu yake haina. Mtarajiwa, mwanangu, kabla ya mtoto huyo palikuwa na mimba nyingine?

Mtarajiwa (baada ya siku nzima):
Ilikuwapo. Iliharibika ikiwa na miezi minne, kabla sijaolewa, na sikuchomwa sindano yoyote kwa sababu sikwenda hospitali yoyote. Mume wangu anajua, lakini kwao hawajui. Baba mdogo aliponiuliza wakati ule, mama mkwe akiwa ameketi pembeni yangu, nilijibu kwamba ile ndiyo mimba ya kwanza. Nimemnung'unikia moyoni kwa miaka minne kwa sababu ya jibu nililompa mimi mwenyewe. Kliniki ya wajawazito nayo nimewaambia vivyo hivyo. Wiki mbili zilizopita walinipa karatasi ya majibu ya damu nimpelekee daktari bingwa, na mpaka sasa imekunjwa mara nne ndani ya mkoba.

Nesi_Mstaafu:
Ikunjue. Asubuhi usiende kwa daktari wa watoto yeyote kati ya hao wawili, bali kwa bingwa wa uzazi. Ikiwa kingamwili zimekwisha kujitengeneza, sindano ya anti-D haina kazi tena, na mtoto anaweza kupungukiwa damu akiwa bado tumboni. Watamtazama kwa ultrasaundi wapime kasi ya damu katika mshipa wa ubongo wake. Ujifungulie mahali penye taa hizo na akiba ya damu, na damu ya kitovu ipimwe saa ile ile. Daktari wa mtoto mwambie yote kabla ya siku hiyo, awe yupi, na uingie peke yako.

Bundi_Macho:
Dada, neno langu la chai naliondoa. Niwie radhi.

Mtarajiwa (baada ya siku tatu):
Kingamwili zipo. Ultrasaundi imeonyesha kwamba mtoto bado hajapungukiwa damu, nitapimwa tena kila wiki, na hospitali ya kujifungulia imebadilishwa. Mume wangu ndiye atakayezungumza na baba yake mdogo kuhusu zile fomu. Jana nilikwenda kwa yule mama wa kliniki ya karibu. Alifungua faili jipya, na swali lake la kwanza likawa huu ni ujauzito wangu wa ngapi. Nikamjibu kwamba ni wa tatu.